Aironi Zinakwenda Upande Mmoja: Tafuta Chanzo Kabla ya Kubadili Swingi

Mipira mitatu ya gofu ikienda kulia mwa grini, yale majani mafupi yenye shimo na bendera, mfululizo, wengi wetu tunaanza kurekebisha swingi, yaani namna tunavyozungusha fimbo, hapohapo. Mguu unasogezwa, mshiko unakazwa, kichwa kinaambiwa kitulie. Wa nne ukinyooka tunaamini tumepona, na kufika shimo la tisa yameibuka mengine. Mpira kwenda kulia ni dalili tu. Nyuma yake kunaweza kuwa na uso wa fimbo uliofunguka (unaotazama kulia), njia ya fimbo, mahali mpira ulipogusia uso, namna ulivyosimama, fimbo yenyewe, au hata majani. Ukirekebisha kisichohusika, tatizo halisi linabaki na umejiongezea la pili.

Kwa hiyo hapa tunaanza na dalili. Mfano ni aironi namba 7, mojawapo ya fimbo za kichwa cha chuma, kwa sababu ndiyo inayopigwa zaidi mazoezini, na mchezaji ni wa mkono wa kulia. Mashoto ageuze pande zote.

## Mpira una habari mbili

Ulianzia upande gani? Baadaye ulipinda kwenda wapi? Mtu anayetazama pale ulipoangukia tu amekosa habari zote mbili. Mipira miwili inaweza kulala kwenye banka (shimo la mchanga) moja ya kulia ilhali vyanzo vyake ni kinyume kabisa: mmoja ulianza kulia ukanyooka moja kwa moja, mwingine ulianza kushoto mwa bendera ukapinda kulia na kuendelea.

Kwa aironi, mwelekeo wa mwanzo wa mpira hutokana zaidi na uso wa fimbo ulikokuwa unatazama wakati wa kugongana, karibu robo tatu ya mwelekeo huo. Kiasi kilichobaki ni cha njia ambayo fimbo ilikuwa inapita. Kupinda nako hutokana na tofauti kati ya hivyo viwili. Uso ukiwa umefunguka ukilinganisha na njia, mpira hupinda kulia. Ukiwa umefungika kuliko njia, hupinda kushoto. Tofauti ikiwa sifuri, mpira haupindi hata kama umeelekea msituni.

Kwa miaka mingi ilifundishwa kinyume, kwamba mpira huanza kwa kufuata njia kisha hupinda kuelekea uso ulikotazama. Rada za kupima mruko wa mpira, kama TrackMan ya Denmark, ndizo zilizolizika somo hilo. Bado utalisikia klabuni, na ukilifuata unaweza kushinda msimu mzima ukitibu njia wakati mgonjwa ni uso.

Nenda uwanja wa mazoezi, chagua shabaha moja iliyo wazi, simamisha simu yako nyuma ya mpira kwenye mstari wa kuelekea shabaha, kimo cha mikono, uchukue video. Kisha chukua kalamu ya ubao mweupe, ile inayofutika kwa kidole, uweke doa nono nyuma ya mpira, upande utakaogongwa. Doa litahamia kwenye uso wa fimbo na kukuonyesha ulipogusia. Piga mipira kumi hivyo bila kurekebisha chochote. Hilo la kutorekebisha ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu mpira wa tatu ukienda vibaya mkono unawasha. Vumilia. Ukishamaliza andika kwa kila mpira: ulianzia wapi, ulipinda wapi, doa liko wapi.

Doa likiwa limesambaa uso mzima, leo kisigino (upande wa uso ulio karibu na mpini), kesho nchani (upande wa mbali nawe), acha kwanza masuala ya mwelekeo. Kazi yako ni kugusa mpira katikati, na mengi yatajipanga yenyewe hapo. Doa likikaa sehemu moja, endelea.

## Kabla ya kulaumu swingi

Laza fimbo chini, sambamba na ncha za viatu vyako, kisha ondoka uende nyuma uitazame. Watu hushangaa. Mchezaji wa kulia kwa kawaida anakuta fimbo hiyo inaelekea kulia kabisa mwa bendera, kwa sababu amezoea kuelekeza miguu kwenye shabaha. Mstari unaopaswa kwenda kwenye shabaha ni ule wa mpira. Mstari wa miguu hukaa sambamba nao, upande wa kushoto, na haukutani nao hata ukifika kwenye grini.

Madhara yake hayaishii kwenye kulenga vibaya. Mwili una akili yake. Ukisimama ukielekea kulia mwezi baada ya mwezi, mabega yatajifunza kuuvuta mpira kurudi kushoto ili uifikie bendera. Siku unayoelekea sawasawa, mvuto ule ule unakupeleka kushoto mita kumi na tano, nawe unasema swingi imeharibika. Swingi ni ile ile ya jana. Kwa sababu hiyo, ukirekebisha kusimama, tegemea siku kadhaa za mipira ya ajabu kabla mwili haujaacha fidia uliyozoea.

Angalia mabega peke yake pia. Miguu inaweza kuwa sambamba huku mabega yamefunguka kuelekea kushoto, hasa mpira ukiwa umewekwa mbele mno, maana mkono wa kulia lazima uunyooshee. Kedi (mbeba fimbo wako) mzuri huona hili kabla yako. Akikwambia "mabega, mzee" usibishane naye.

Mahali pa mpira. Kwa aironi 7, mpira ukae mbele kidogo ya katikati ya miguu, kadiri ya upana wa mpira mmoja. Ukiusogeza kuelekea mguu wa kushoto, fimbo inaufikia ikiwa tayari imeanza kurudi ndani kushoto na uso unafungika: mpira unaanza kushoto. Ukiurudisha kuelekea mguu wa kulia, fimbo inaufikia mapema, ingali inaelekea nje kulia: mpira unaanza kulia. Jicho hudanganywa na viatu. Ukigeuza ncha ya kiatu cha kushoto nje, mpira unaonekana kuwa nyuma zaidi kuliko ulivyo. Pima kutoka visigino.

## Unaanza kushoto, unanyooka

Huu ndio mpira unaomchanganya mtu, kwa sababu mkononi unahisi vizuri. Umegongwa katikati, umesikika vizuri, na mara nyingi umekwenda mbali kuliko kawaida kwa kuwa uso uliofungika hupunguza mwinamo wake, yaani kule kulala kwake nyuma. Tatizo ni kwamba uko kushoto mwa grini.

Hapa kwa kawaida uso na njia vinakubaliana, vyote vinatazama kushoto. Itazame divoti, alama inayobaki ardhini fimbo ikikata nyasi. Kipande cha nyasi kilichokatwa kikielekea kushoto, njia ndiyo inayokwenda huko, na chanzo ni mojawapo ya yale ya juu: mabega yaliyofunguka, mpira ulio mbele mno, au sehemu ya juu ya mwili kuanza kuteremka kabla ya nyonga. Divoti ikielekea sawasawa kwenye bendera huku mpira umeanza kushoto, njia haina kosa. Tafuta kwenye uso au kwenye fimbo yenyewe. Na divoti ikiwa na kina kirefu upande wa kisigino na juujuu upande wa ncha, rukia sehemu inayozungumzia mlalo wa fimbo.

Kwa mabega yanayotangulia, zoezi ninaloliamini ni rahisi. Pandisha fimbo hadi juu, simama hapo sekunde moja, kisha teremsha kwa kuhisi mgongo bado unatazama shabaha wakati mikono imeshaanza kushuka. Mipira ya kwanza itakuwa dhaifu. Usiongeze nguvu, kasi itarudi yenyewe.

## Unaanza sawa au kushoto kidogo, unapinda kulia

Slaisi. Kwa aironi 7 haionekani sana kama kwa draiva, ile fimbo ndefu ya mpira wa kwanza, kwa sababu mwinamo mkubwa wa uso unaupa mpira mzunguko wa kurudi nyuma unaopunguza kupinda. Ukiona aironi 7 inapinda kulia mita kumi, basi draiva yako bila shaka inavuka hadi feawei (njia ya majani yaliyokatwa) ya shimo la jirani.

Uso umefunguka ukilinganisha na njia. Kuna sehemu mbili za kushika, na utaratibu wa kuzishika ni muhimu kuliko zoezi lolote utakalofanya.

Anza na mshiko. Angalia mkono wa kushoto ukiwa umesimama tayari kupiga: unaona vifundo vingapi vya vidole? Kimoja tu, au hakuna, mshiko ni dhaifu na uso hautarudi kwa wakati. Geuza mkono huo kulia hadi uone vifundo viwili hadi vitatu, na ile V inayotengenezwa na kidole gumba na kidole cha shahada ielekee bega la kulia. Kisha hakikisha gripu, sehemu ya mpini unayoishika, imelala kwenye vidole, pale vinapoanzia kwenye kiganja, isiwe imekatiza katikati ya kiganja. Gripu iliyolala kiganjani inaufunga mkono. Kifundo cha mkono hakipindi, na uso unabaki wazi hata ujitahidi vipi. Glovu hukuambia ukweli: ikichakaa na kutoboka sehemu ya chini ya kiganja, gripu imekaa pasipofaa na inasuguana.

Sasa inakuja sehemu inayowashinda wengi. Ukishaufunga uso, mpira utaacha kupinda kulia na utaanza kwenda kushoto moja kwa moja. Lazima uende, kwa sababu njia yako bado inatoka nje (upande wa mbali nawe) kuja ndani, ulikuwa umejizoesha kuzungusha hivyo ili kuufidia ule upindaji. Mtu akiona mpira umekwenda kushoto mita ishirini anasema mshiko mpya haufai, anarudisha wa zamani, na slaisi yake inabaki hadi uzeeni. Ule mpira wa kushoto ndio ushahidi kwamba nusu ya kazi imekamilika. Baki hapo. Piga mipira mingi ya kushoto bila kuona haya.

Ndipo ushike njia. Weka kifuniko cha draiva au chupa tupu ya maji upande wa nje wa mpira, karibu nusu futi kutoka nao na nyuma yake kidogo, pale fimbo inayotoka nje ingepita. Ukiigonga, njia ni ile ile. Ukiikwepa, fimbo imekuja kutoka ndani. Piga nusu swingi kwanza. Kukwepa chupa kutakufundisha haraka kuliko maneno mengi ya mwalimu, nami nasema hivyo kwa heshima zote kwa walimu.

Kubadili mshiko na njia siku moja ni kujitafutia taabu, maana huwezi tena kujua mpira unajibu lipi.

Jambo moja la hapa kwetu. Nairobi iko mita takriban 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo mpira huruka mbali zaidi na hupinda kidogo. Mchezaji wa klabu ya Muthaiga au Karen mwenye slaisi ndogo anayoiita fedi anaweza kuishi nayo kwa raha. Akishuka pwani, Nyali au Vipingo, hewa ni nzito, na upepo wa kusi ukiwa umechachamaa anakuta slaisi yake imekuwa kubwa. Hajaharibika njiani. Alikuwa nayo, ila hewa ya nyumbani ilikuwa inamfichia. Anayetoka pwani kwenda bara ana zawadi ya siku mbili tatu, asidhani amejifunza kitu.

## Unaanza kulia

Hapa kuna ndugu wawili. Wa kwanza huanza kulia na kunyooka. Uso na njia vyote vinatazama kulia. Wa pili huanza kulia kisha hupinda kushoto, na ukikolea unakuwa huki inayoshuka chini na kukimbia mbali baada ya kutua. Kwa kawaida ni maradhi ya wachezaji wazuri, wenye hendikapu (mikwaju wanayopunguziwa) ya tarakimu moja, na mara nyingi huwa na wote wawili kwa raundi moja.

Chanzo cha kawaida ni nyonga kusogea kuelekea mpira wakati wa kuteremka, au kusimama kabisa. Mikono inakosa nafasi ya kupita, fimbo inakwama nyuma ya mwili, inatoka kuelekea kulia. Siku mikono ikichelewa, mpira unabaki kulia. Siku mikono ikijiokoa kwa kupinduka, ni huki. Kujua hili kunakuondolea dhana kwamba una matatizo mawili tofauti.

Jipime hivi: simama ukiwa umeegemeza kitako kidogo kwenye kiti au kwenye begi la fimbo lililosimama, zungusha bila mpira, pole pole. Ukifika pale mpira ungekuwa, kitako bado kinagusa? Kwa aliye na tatizo hili kitakuwa kimeachana na kiti kitambo. Rudia hadi shavu la kushoto la kitako lichukue nafasi ya la kulia kwenye kiti bila kuondoka. Zoezi hili halihitaji uwanja, sebuleni panatosha, mradi dari ni refu.

Ukiwa na huki peke yake, angalia mshiko pia, safari hii kwa upande wa pili: vifundo vinne vikionekana ni vingi. Bingwa wa Marekani Ben Hogan alihangaishwa na huki miaka mingi ya mwanzo wa kazi yake, na sehemu ya dawa yake ilikuwa kuugeuza mkono wa kushoto kuelekea kushoto kwenye gripu. Mwaka 1953 alishinda mashindano makubwa matatu: Masters, US Open na The Open. Lakini mshiko wa Hogan ni dawa ya huki. Mwenye slaisi akiuiga anajichimbia.

## Unaruka kulia ghafla, chini, kama umegonga ukuta

Hii ni shanki na wapo wasioitaja kwa jina. Mpira umegusa shingo, pale kichwa cha fimbo kinapoungana na shafti (mpini mrefu), haukugusa uso kabisa. Doa la kalamu litakuthibitishia. Kwa kuwa mpira unakwenda kulia sana, watu hudhani uso ulikuwa wazi, wanaufunga, na hali haibadiliki, kwa sababu shingo ya fimbo haina kufungua wala kufunga.

Kilichotokea ni kwamba kichwa cha fimbo kilifika sentimita mbili tatu mbali zaidi nawe kuliko kilipokuwa ulipojipanga. Ama uzito umekimbilia vidole vya miguu, ama nyonga zimesogea kuelekea mpira, ama ulisimama karibu mno na mikono ikajitanua. Piga mpira huku ukiinua vidole vya miguu ndani ya viatu. Uzito utabaki visiginoni. Au weka mpira wa pili vidole viwili nje ya ule unaoupiga, jaribu kupiga wa ndani bila kugusa wa nje. Mwanzoni usitumie mpira kwa wa nje, tumia kipande cha karatasi, usije ukampiga jirani yako renji, yaani uwanja wa mazoezi.

Ndugu yake mpole ni mpira uliogongwa nchani. Fimbo inajisokota mkononi, uso unafunguka, mpira unaanza kulia na kufa mapema. Watu huuita "sikuupata". Ukionekana mara nyingi, simama karibu kidogo, au angalia kama unainuka na kujivuta nyuma unapopiga.

## Pengine ni fimbo

Wachezaji wengi hapa wameanza na seti iliyotumika. Imeachwa na mgeni, imenunuliwa kwa mwanachama anayebadilisha, imerithiwa. Hakuna ubaya. Ila seti hiyo ilitengenezwa au kurekebishwa kwa mwili wa mtu mwingine.

Jambo la kuangalia ni mlalo wa fimbo, yaani pembe kati ya shafti na ardhi wakati sehemu ya chini ya kichwa imekaa sawa. Kwa aironi 7 nyingi ni kama digrii 62 au 63. Fimbo ikiwa imesimama mno kwa mwili wako, inafika kwenye mpira ncha ikiwa juu na kisigino kikichimba. Kwa kuwa uso wa aironi umelala nyuma, ncha ikiinuka uso wote unageukia kushoto, hata kama swingi yako haina kasoro. Fimbo iliyolala mno hufanya kinyume na kukupeleka kulia.

Na hapa kuna alama ya kuitambua ambayo swingi mbaya haina. Kadiri uso unavyolala ndivyo kosa la mlalo linavyoongezeka. Digrii moja ya kosa kwenye aironi 7 hugeuza uso kwa takriban digrii 0.6, ambayo ni kama mita moja na nusu kwa umbali wa mita 140. Kwenye pichingi weji, fimbo fupi yenye uso uliolala zaidi, inakaribia digrii nzima. Mlalo ukikosea kwa digrii tatu, weji ya mita 100 itakwenda pembeni kwa mita tano hivi. Kwenye draiva haionekani. Kwa hiyo ukiona weji zinakwenda kushoto sana, aironi 7 kushoto kidogo, aironi 5 karibu sawa na draiva haina shida, usiguse swingi yako. Mtafute mwenye mashine ya kurekebisha mlalo.

Kabla ya kulipa, jipime mwenyewe. Chora mstari mnene kwa ile kalamu ya ubao kwenye mpira, uuweke mpira ili mstari usimame wima ukiutazama uso wa fimbo, kisha piga. Mstari utajichapa kwenye uso. Ukisimama wima kwa mifereji, mlalo unakufaa. Ukiinamia upande wa ncha kwa juu, fimbo imesimama mno. Ukiinamia kisigino, imelala mno. Rudia mara kadhaa, maana mpira mmoja si ushahidi, na uchore upya kila mara. Ni kipimo cha bei ya kalamu, na kinasema kweli.

Aironi za chuma kilichofuliwa kwa kupondwa hukunjika kirahisi, za chuma kilichomiminwa ni ngumu zaidi na nyingine huvunjika, kwa hiyo hiyo si kazi ya fundi wa vyuma wa mtaani hata kama ni rafiki yako. Ikiwa ni aironi moja tu ya seti inayokwenda pembeni na nyingine zote ziko sawa, yaelekea imepinda kwa kugonga jiwe au mzizi. Ipimwe hiyo moja.

Gripu nazo. Nene mno kwa kiganja chako huchelewesha mikono na kukusukuma kulia. Nyembamba mno huiachia mikono ipinduke. Na iliyokauka ikawa ngumu na ya kuteleza inakulazimisha ukamate kwa nguvu, mkono mgumu haugeuki, mpira unabaki kulia. Kubadilisha gripu ni jambo la bei nafuu kuliko seti mpya, na watu hulisahau miaka na miaka.

## Pengine ni ardhi

Mpira ukiwa juu ya miguu yako kwenye mteremko, fimbo inakuwa kama iliyosimama mno, mpira unakwenda kushoto. Ukiwa chini ya miguu, unakwenda kulia. Hakuna cha kurekebisha, lenga upande wa pili, na kwa weji lenga zaidi kuliko kwa aironi ndefu.

Majani ya kikuyu ni habari nyingine. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, yamebeba jina la watu wa huku, na yamesambaa hadi uwanja wa Riviera, Los Angeles, ambako yanawatesa wachezaji wakubwa. Nje ya feawei, yakiachwa yarefuke, hayakatiki kama majani mengine. Yanajisokota kwenye shingo ya fimbo na kuizuia, huku ncha ikiendelea mbele. Uso unafunga, mpira unatoka chini na kushoto. Mtu akitoka hapo akasema leo ana huki, amekosea mtuhumiwa. Chukua fimbo yenye uso uliolala zaidi, ifungue kidogo kabla ya kushika, kaza vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa kushoto, uteremke kwa ukali zaidi. Na ukubali kwamba kufika grini si lazima.

Usihesabu mipira ya sehemu hizi unapotafuta chanzo. Inachafua hesabu.

## Inakwenda pande zote mbili

Ikiwa hakuna mpangilio kabisa, kulia, kushoto, kulia, rudi kwenye doa la kalamu, kisha tazama mshiko. Wapo wanaoshika upya kila mpira bila kujua, mara vifundo viwili, mara vitatu. Weka alama ndogo kwenye gripu pale kidole gumba cha kushoto kinapokaa, ya mazoezini tu, na uone kama mambo yanatulia.

Yasipotulia, chagua upande mmoja uukubali. Mmarekani Lee Trevino alishinda mashindano makubwa sita akipeleka mpira kulia kidogo kwa makusudi, akisimama ameelekea kushoto. Mchezaji anayejua mpira wake utakwenda kulia ana upande mmoja tu wa kuogopa.

Siku ya mashindano usitibu kitu. Piga mipira michache ya kupashia misuli, ona leo unakwenda wapi, lenga kwa hesabu hiyo hadi raundi iishe, mengine ni ya Jumatatu. Na mazoea ya renji yaache renji: tangu kanuni za mwaka 2019, kulaza fimbo chini ili ikusaidie kuelekea shabaha ni kosa hata ukiiondoa kabla ya kupiga, na kedi wako haruhusiwi kusimama nyuma ya mpira kwenye mstari wako ukianza kujipanga. Kumwomba mpinzani wako akutazamie swingi nako hakuruhusiwi. Kila moja ni adhabu ya mikwaju miwili, na kwenye mechi ya shimo kwa shimo ni kupoteza shimo lenyewe.